Nyuzi Tatu

Mwaka ule maji ya mfereji yaliuzwa kwa saa,
na saa moja ilipita bei ya kondoo.
Mjomba Nosrat akashika msumeno:
"Hii midume haizai. Kazi yake kunywa tu."
Akaangusha sita kati ya saba.
Kuni zake zilitupikia
hadi theluji ikayeyuka milimani juu ya Rafsanjani.

Mipista jike haikulia. Mti haulii.
Majira yalipogeuka ikachanua kama kawaida,
maua yasiyo na petali wala harufu,
yasiyo na neno la kumwambia nyuki.
Yalimngoja upepo,
na upepo hauchagui mzigo:
ulishuka na chavua ya bane,
binamu wa porini mwenye kokwa kama choroko.

Septemba tukatandika turubai, tukapiga matawi.
Zikaanguka nyingi. Tulifurahi mapema.
Mama akazimwaga kwenye beseni la maji:
chache zikazama,
nyingine zikaelea, zikizunguka,
makapi yenye sura ya chakula.
Na hizo zilizozama zilikuwa zimefumba midomo.
Kwetu pista iliyopasuka huitwa inayocheka.
Bwana Vosughi, mnunuzi, aliokota moja,
akaiuma, akaitema kiganjani.
"Hizi zimenuna," akasema. "Nani kaziudhi?"

Mama hakumjibu.
Usiku ule alichukua daftari langu la hesabu
akachana kurasa nne za nyuma.

Machipuko yaliyofuata alipanda pikapu hadi Anar,
kwa mjane mmoja mwenye midume ya zamani.
Alirudi na foronya imejaa vishada vya maua.
Tukavianika juu ya magazeti chumbani tulimolala,
madirisha yamefungwa, tukipiga chafya hadi alfajiri.
Akachekecha unga ule wa manjano kwa soksi ya nailoni.
Kisha akachagua mti mmoja, matawi matatu,
akayavika mifuko aliyoshona kwa shati langu la shule
ili upepo usiingilie mazungumzo.

Uzi mwekundu: dume la Anar.
Uzi wa kijani: dume letu lililosalimika msumeno.
Uzi mweupe: bane la mlimani.
"Mti uleule, maji yaleyale, jua lilelile," alisema.
"Sasa tuone."

Tulihesabu barazani, mimi nikiandika.
Katika mia za uzi mweupe, zilizocheka kumi na saba.
Za kijani, hamsini na moja.
Nyekundu, sabini na nane, nono,
kiini kibichi hadi moyoni.
Mama alisugua ganda moja kwa kidole gumba,
muda mrefu, kama anayetafuta ufa kwenye kikombe.
"Kiini naelewa. Kiini ni mtoto wa wawili.
Lakini ganda hili ni langu," alisema,
utadhani yeye ndiye mti,
"ni mwili wangu, mfupa wangu.
Limemsikia wapi huyo baba?"

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Baba alikuwa Bandar Abbas, mwaka wa tatu bila barua,
na kila mtu alisema paji la uso ni la mama,
mwendo wa mama, hasira za mama.
Nikatia ganda mdomoni. Chumvi.
Sikuuliza.

Mjomba Nosrat alipanda midume mitano
upande unakotokea upepo,
bila kumtazama mtu,
na hadi leo akiulizwa husema ni ya kivuli.

Ila ninachokumbuka zaidi ni kabla ya hesabu,
usiku mmoja wa Agosti, tumelala juu ya paa.
Pista zilikuwa zinapasuka gizani: ta. Kimya. Ta, ta.
Mama alidhani nimelala.
Aliketi, shingo ameielekeza kwenye ule mti,
akihesabu kwa vidole,
na kutoka tawi la uzi mweupe,
nadhani ni huko,
ikaja moja, ya kuchelewa,
ndogo kama mtu anayekohoa mlangoni
kabla ya kubisha.